Muuguzi Mmoja kwa Wagonjwa Wangapi?

Kila inapotokea habari ya mgonjwa aliyefia wodini bila kuangaliwa, iwe Tanzania au Kenya, mjadala hugawanyika upesi katika kambi mbili. Kambi moja husema wauguzi ni wachache mno, na mtu mmoja hawezi kuwa kwenye vitanda vyote kwa wakati mmoja. Nyingine husema wauguzi wapo, ila wanakaa wakichezea simu, na kilichopungua ni utu. Serikali hujibu kwa kutaja ajira zilizotangazwa na majengo yaliyozinduliwa, vyama vya wauguzi hujibu kwa kutaja nakisi, kisha jambo husahaulika hadi litokee lingine. Mwananchi hubaki na swali lake: je, kuongeza wauguzi huokoa maisha kweli, au ni hoja ya watu wanaotetea masilahi yao?

Swali hilo limefanyiwa utafiti wa kina kwa zaidi ya miaka 20, na majibu yake yanatosha kufanyia maamuzi. Lakini yamejaa masharti, na masharti hayo ndiyo hupotea kwenye kelele za mjadala. Idadi ya wauguzi ina uzito mkubwa. Uzoefu wao nao una uzito, ingawa si kwa namna tunayodhani. Na vyote viwili vinaweza kuwapo wodini na visizae matunda.

Takwimu zilizoanzisha mjadala

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti ambao mpaka leo hutajwa kabla ya mwingine wowote. Walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, majibu ya wauguzi zaidi ya 10,000, na kumbukumbu za wagonjwa 232,342 waliofanyiwa upasuaji. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa ulipanda kwa asilimia 7. Hospitali ambazo muuguzi mmoja alihudumia wagonjwa 8 zilikuwa na uwezekano wa vifo uliozidi kwa asilimia 31 ule wa hospitali ambazo muuguzi alihudumia 4. Wauguzi wenyewe hawakusalimika: kila mgonjwa wa ziada alipandisha kwa asilimia 23 uwezekano wa muuguzi kuchoka hadi kuishiwa moyo wa kazi.

Mwaka huohuo timu ya Jack Needleman ilitoa matokeo ya hospitali 799 katika majimbo 11 ya Marekani. Wao walihesabu saa ambazo mgonjwa alihudumiwa na wauguzi waliosajiliwa. Sehemu ya saa hizo katika saa zote za uuguzi ilipokuwa kubwa, wagonjwa walikaa hospitalini siku chache zaidi, na walipata kwa nadra zaidi maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kutokwa damu tumboni na moyo kusimama. Mwaka 2014 jarida la Lancet likachapisha utafiti wa nchi 9 za Ulaya, hospitali 300 na wagonjwa 422,730 wa upasuaji. Mifumo ya afya ya nchi hizo haifanani, malipo ya wauguzi hayafanani, hata mafunzo yao hayafanani. Matokeo yakawa yaleyale: mgonjwa mmoja zaidi kwa muuguzi, asilimia 7 zaidi ya uwezekano wa kifo.

Namba moja kujirudia katika mabara mawili si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo haitoshi kuelewa nini kinatokea wodini. Kwa hilo inabidi kuangalia kazi yenyewe.

Kati ya mzigo na kifo

Daktari hupita asubuhi, huandika maagizo, huenda kliniki au chumba cha upasuaji. Muuguzi hubaki. Katika saa 24 za mgonjwa aliyelazwa, yeye ndiye mtaalamu pekee aliye karibu muda wote, na kwa sababu hiyo ndiye anayeweza kuona mabadiliko yakiwa bado madogo.

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo huwa hafi ghafla kama ndugu zake wanavyosimuliwa. Mara nyingi mwili hutoa taarifa saa kadhaa kabla. Kupumua kunaanza kwenda kasi, mapigo ya moyo yanapanda, mkojo unapungua kwenye mfuko, mgonjwa anakuwa mkimya kuliko alivyokuwa asubuhi au anaanza kuhangaika bila sababu ya wazi. Presha ya damu inaweza kubaki nzuri kwa muda mrefu na kuanguka mwishoni, wakati nafasi ya kusaidia imeshakuwa finyu. Atakayeziona dalili hizi ni mtu aliyemwangalia mgonjwa huyo mara kadhaa siku hiyo. Kipimo cha kuhesabu pumzi, ambacho kinahitaji dakika moja na saa yenye mshale wa sekunde, ndicho mara nyingi huwa cha kwanza kubadilika. Na ndicho cha kwanza kuachwa muuguzi anapozidiwa, au kuandikwa kwa kukisia.

Mwaka 1992 mtafiti Jeffrey Silber alipendekeza hospitali zipimwe kwa uwezo wa kuokoa: kati ya wagonjwa waliopata tatizo baada ya upasuaji, wangapi walikufa? Kipimo hiki kimefichua jambo la kushangaza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kwamba hospitali zenye vifo vingi na zenye vifo vichache hazikutofautiana sana kwa idadi ya matatizo baada ya upasuaji. Tofauti kubwa ilikuwa baada ya tatizo kutokea. Katika hospitali mbaya kabisa, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano waliopata tatizo kubwa alifariki, na katika zile bora ni takriban mmoja kati ya wanane. Mkono wa daktari mpasuaji hauwezi kueleza pengo hilo peke yake. Linaelezwa pia na nani alikuwa wodini saa nane usiku, na alikuwa na wagonjwa wangapi.

Kuna kingine kisichoonekana kwenye chati. Muuguzi mwenye wagonjwa kupita uwezo wake haachi kazi zote nusunusu, anachagua. Sindano na dawa hutolewa kwa sababu zina saa maalumu na huwekewa saini. Kinachoachwa ni kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgandamizo, kumsafisha kinywa, kuangalia kama dripu bado inaingia, kumweleza anayeruhusiwa namna ya kutumia dawa nyumbani, na kukaa naye dakika tano. Watafiti waliofuatilia kwa macho kazi ya wauguzi katika wodi za watoto wachanga jijini Nairobi walikuta hali hiyohiyo. Katika hospitali za umma muuguzi mmoja aliweza kubeba zaidi ya watoto 10 kwa zamu, sehemu kubwa ya huduma iliyopaswa kutolewa haikutolewa, na kadiri mzigo ulivyozidi ndivyo yaliyoachwa yalivyozidi. Mama wa mtoto, ambaye pengine amejifungua kwa upasuaji juzi, hujikuta akimlisha mwanawe kwa mrija.

Hapa kambi ya wanaolalamikia utu inahitaji kujibiwa kwa haki. Lugha chafu kwa mjamzito au mzee haina udhuru, na kuna wauguzi wanaostahili kuitwa mbele ya baraza lao la taaluma. Lakini sehemu ya tunachokiita ukatili ni sura ya nje ya kazi iliyoachwa. Mgonjwa aliyeita mara tatu bila kujibiwa hajui kama muuguzi alikuwa anamfufua mwingine kitanda cha mwisho. Anachokijua ni kwamba hakujibiwa.

Uzoefu ni miaka au ni nini?

Watu wengi wangekubali bila kuuliza ushahidi kwamba muuguzi wa miaka 15 ni bora kuliko aliyemaliza chuo mwaka jana. Patricia Benner, muuguzi na mwanazuoni wa Marekani, alieleza mwaka 1984 jinsi muuguzi anavyopita hatua tano, kutoka anayefuata kanuni mojamoja hadi anayeitambua hali nzima kwa kuitazama. Wanaofanya kazi wodini wanaijua tofauti hiyo vizuri: mgeni husoma namba, mzoefu humsoma mgonjwa.

Takwimu, hata hivyo, zilileta mkanganyiko. Mwaka 2003 timu ya Aiken, ikitumia hospitali zilezile za Pennsylvania, iligundua kwamba kila ongezeko la asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada liliendana na pungufu la asilimia 5 katika uwezekano wa vifo, ilhali wastani wa miaka ya uzoefu haukuonyesha athari yoyote ya wazi. Kwa waajiri wengine hiyo ikawa ruhusa ya kuona kwamba mkongwe anaweza kubadilishwa na kijana wa mshahara mdogo bila hasara.

Walikosea, na sababu iko kwenye namna ya kuhesabu. Wastani wa miaka kwa hospitali nzima huchanganya aliyekaa wodi moja miaka kumi na aliyehamishwa kila baada ya miezi michache. Wote huandikwa kuwa na miaka kumi. Wachumi waliochunguza hospitali za maveterani wa Marekani walipopima muda ambao muuguzi amekaa katika wodi ileile, picha ikabadilika: kila mwaka mmoja ulioongezeka kwenye wastani wa muda huo uliendana na pungufu la asilimia 1.3 katika siku za kulazwa. Nchini Uingereza, utafiti wa hospitali tatu uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba kuongeza zamu moja ya saa 12 ya muuguzi aliyesajiliwa kulihusiana na kupungua kwa uwezekano wa vifo kwa karibu asilimia 10, na kwamba muuguzi wa ngazi ya juu aliongeza manufaa takriban mara mbili ya yule wa ngazi ya kawaida. Wauguzi wa mawakala, wanaoletwa kuziba pengo la siku, hawakuonyesha athari inayopimika.

Ushahidi mwingine umetoka kwenye migomo. Wachumi Jonathan Gruber na Samuel Kleiner walifuatilia migomo ya wauguzi katika jimbo la New York kati ya mwaka 1984 na 2004. Wakati wa mgomo vifo hospitalini viliongezeka kwa takriban asilimia 18. Lililo na uzito zaidi kwa hoja yetu ni kwamba hospitali zilizoleta wauguzi wa muda kushika nafasi za waliogoma hazikufanya vizuri kuliko zile ambazo hazikuleta. Walioletwa walikuwa na leseni na wengine walikuwa na miaka mingi kazini. Hawakuijua wodi: dawa za dharura ziko kabati gani, daktari gani huitika haraka, mgonjwa yupi jana alikuwa anazungumza vizuri.

Kwa hiyo uzoefu unaookoa ni wa mahali na wa timu kuliko wa tarehe ya cheti. Na unaweza kutengenezwa. Mradi wa uzazi salama uliofanyika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, haukungoja miaka ipite. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, kwa kutumia wanasesere maalumu, wakirudia namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua na mama anayetokwa damu, na wakijadili takwimu zao wenyewe. Vifo vya watoto kabla na muda mfupi baada ya kuzaliwa vilipungua kwa takriban asilimia 18, na vifo vya kina mama vikapungua kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa mtazamo wangu huu ndio ushahidi wenye thamani kubwa kuliko wote kwa nchi zetu, kwa sababu haukutoka kwenye hospitali tajiri.

Hoja za wanaotilia shaka

Wanaopinga kuongeza wauguzi si wote wabahili. Wana hoja tatu, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba tafiti za mwanzo zilipiga picha ya siku moja. Hospitali yenye wauguzi wengi huenda pia ina madaktari bora, mashine nzuri na wagonjwa wenye uwezo. Nani ajuaye kilichookoa ni kipi? Hoja hii ilikuwa na nguvu mwaka 2002. Leo imepungua nguvu, kwa sababu watafiti walianza kulinganisha wodi na yenyewe, siku moja na nyingine. Needleman alifanya hivyo mwaka 2011 katika hospitali moja kubwa, akichambua zamu zaidi ya 176,000: kila zamu iliyopungukiwa wauguzi ilimwongezea mgonjwa hatari ya kufa kwa asilimia 2. Peter Griffiths na wenzake walirudia kazi hiyo kusini mwa Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 138,000 na kukuta ongezeko la asilimia 3 kwa kila siku, kati ya siku tano za kwanza, ambayo wodi ilikuwa chini ya wastani wake. Hapo majengo ni yaleyale, na madaktari walewale. Kilichobadilika ni idadi ya wauguzi.

Ya pili ni mazingira ya kazi, na hii bado inasimama. Mwaka 2011 Aiken mwenyewe alionyesha, kwa data ya hospitali 665, kwamba kumpunguzia muuguzi mgonjwa mmoja kulishusha uwezekano wa vifo kwa asilimia 9 katika hospitali zenye mazingira bora, kwa asilimia 4 katika zile za kati, na karibu kutobadilisha chochote katika zile mbovu. Mazingira hapa si rangi ya kuta. Ni kama muuguzi akimpigia daktari simu usiku anasikilizwa au anatukanwa, kama dawa zipo, kama kiongozi wa wodi ana mamlaka. Ukiajiri wauguzi 10 zaidi katika hospitali ambayo hakuna anayeitika wanapopiga kengele, umeongeza mashahidi wa vifo.

Ya tatu ni kwamba maboresho ya utaratibu ni nafuu kuliko ajira. Mfano wao mzuri ni jaribio la E-MOTIVE lililochapishwa mwaka 2023, lililofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mfuko wa plastiki wenye vipimo uliwekwa chini ya mama aliyejifungua ili damu ipimwe badala ya kukisiwa, na matibabu yote yakatolewa kwa mpigo pale kiwango kilipofikiwa. Matukio ya kutokwa damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana na damu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60, bila kuongeza wakunga. Ni mafanikio makubwa na yanastahili kusambazwa kila wilaya. Lakini utaratibu wenyewe unamtaka mkunga aangalie mfuko huo kila dakika 15 katika saa ya kwanza. Mkunga mmoja mwenye kina mama wanne waliojifungua na wawili wanaosukuma hawezi kuufuata kila usiku. Utaratibu mzuri huongeza thamani ya muuguzi aliyepo. Haujazi nafasi ya asiyekuwepo.

Sheria ya uwiano au hesabu ya wodi?

Ikikubalika kwamba idadi ina uzito, inabaki kuamua namna ya kuihakikisha. California ilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa 2004, na kuanzia 2005 muuguzi wa wodi za kawaida hakupaswa kuwa na zaidi ya wagonjwa 5. Chumba cha wagonjwa mahututi ni 2. Jimbo la Victoria, Australia, lilitangulia kwa makubaliano ya kazi mwaka 2000. Upande wa pili, wapiga kura wa Massachusetts walikataa pendekezo kama hilo mwaka 2018 kwa takriban asilimia 70, baada ya hospitali kuonya kwamba wodi na vitanda vingefungwa.

Matokeo ya California yanabishaniwa. Idadi ya wauguzi iliongezeka, hilo halina ubishi. Kundi la Aiken, likilinganisha California na New Jersey na Pennsylvania zisizokuwa na sheria hiyo, lilihusisha wagonjwa wachache kwa muuguzi na vifo vichache zaidi. Wachumi wengine, mwaka 2012, hawakuona maboresho kwenye vidonda vya mgandamizo wala kwenye uwezo wa kuokoa wagonjwa. Queensland, Australia, ndiyo iliyotoa jaribio safi zaidi. Mwaka 2016 hospitali 27 za umma ziliwekewa kiwango cha muuguzi mmoja kwa wagonjwa 4 mchana na 7 usiku, na hospitali 28 zikabaki kama zilivyokuwa kwa ulinganisho. Katika zile zilizowekewa kiwango, vifo vilipungua, waliorudishwa hospitalini hawakuongezeka, na siku za kulazwa zilipungua zaidi. Fedha iliyookolewa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa.

Uwiano wa kisheria una faida moja isiyo na mbadala: unaweza kudaiwa. Udhaifu wake ni kwamba hautofautishi wodi ya wagonjwa wanaotembea wenyewe na ile ya wagonjwa wa kiharusi, na hauulizi kama wote walio zamu ni wapya. Hesabu ya mahitaji ya kila wodi, kama ile mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya kupima mzigo wa kazi inayojulikana kama WISN, ni ya haki zaidi kitaalamu. Lakini hesabu isiyo na nguvu ya sheria huishia kwenye faili. Uingereza ililiona hilo katika hospitali ya Stafford, ambako uchunguzi wa Robert Francis uliotoka mwaka 2013 ulieleza jinsi uongozi ulivyopunguza wauguzi ili kufikia malengo ya fedha, na wagonjwa wakaachwa bila maji ya kunywa wala msaada wa kwenda chooni. Takwimu zilikuwapo. Hakukuwa na aliyelazimika kuzifanyia kazi.

Hesabu yetu Afrika Mashariki

Kunakili California hapa kungekuwa kujidanganya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.9, na karibu asilimia 90 ya pengo hilo lilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ikitaja nakisi ya karibu nusu ya ikama ya watumishi wa afya. Hata hivyo, ukubwa wa tatizo usitumike kuficha sababu zake, kwa kuwa baadhi ni maamuzi tunayoyafanya wenyewe.

Tumejenga kwa kasi kuliko tulivyoajiri. Tanzania imeongeza mamia ya vituo vya afya na hospitali za wilaya tangu katikati ya muongo uliopita, na kila jengo jipya hugawanya wauguzi walewale. Kenya ilikodisha mashine za kisasa kwa hospitali za kaunti kuanzia mwaka 2015, na baadhi zikakaa bila kazi kwa kukosa wataalamu wa kuziendesha. Jengo hukatiwa utepe, mshahara wa muuguzi haukatiwi.

Wakati huohuo, nchi zote mbili zina wauguzi waliohitimu na kusajiliwa ambao wako nyumbani bila ajira. Huu ndio mkanganyiko unaowasumbua wananchi zaidi, na jibu lake ni kwamba upungufu wetu una sura mbili. Kuna upungufu wa watu waliofunzwa, na kuna upungufu wa nafasi zenye bajeti ya mshahara. Wa pili ndio unaobana sasa. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka Uingereza wahudumu wa afya wa Kenya wasio na ajira. Kwa familia ya muuguzi ni neema. Kwa nchi, ni kulipia mafunzo na kuacha wodi ya Uingereza ivune.

Sababu mbili nyingine hazihitaji hata bajeti. Hospitali nyingi huwazungusha wauguzi kutoka wodi moja hadi nyingine kwa ratiba. Mzunguko una sababu zake: humpa muuguzi mchanga upeo, huzuia wachache kushikilia wodi nyepesi, humwezesha mkuu wa wauguzi kuziba mapengo. Lakini tumeona kwamba uzoefu unaookoa ni wa wodi. Kumtoa mkunga aliyekomaa leba na kumpeleka kliniki ya macho ni kufuta miaka ya ujuzi kwa karatasi moja. Mzunguko uwe kwa walio katika miaka yao ya kwanza. Baada ya hapo wodi nyeti kama leba, watoto wachanga na upasuaji zihifadhiwe watu wake.

Pili ni ngazi ya kupanda cheo. Afisa Muuguzi mwenye shahada na miaka mingi hupandishwa na, kwa kupandishwa, huondoka kitandani kwa mgonjwa kwenda ofisini. Usiku wodi hubaki na wapya wenye cheti au stashahada. Hakuna kosa katika vyeti vyao. Kosa ni kuwaacha peke yao. Muundo wa utumishi unapaswa kumlipa vizuri muuguzi bingwa anayeamua kubaki akihudumia, sawa na anayeongoza idara.

Na ndugu wa mgonjwa? Wao ndio nguvu kazi isiyoandikwa ya hospitali zetu: wanalisha, wanaogesha, wanaita muuguzi dripu inapoisha. Heshima yao ni kubwa na uwepo wao humfariji mgonjwa. Ila kuwategemea ni kumwadhibu mgonjwa asiye na ndugu, na ni kumpa jukumu la kugundua hatari mtu asiyefunzwa kuitambua.

Kinachopaswa kutangulia

Nikizipima hoja zote, kambi ya idadi iko karibu na ukweli kuliko wapinzani wake, lakini imekuwa ikihesabu kitu kisicho sahihi. Uwiano wa wauguzi kwa idadi ya watu nchini haumwambii mgonjwa chochote. Namba yenye maana ni ya wauguzi waliosajiliwa, katika wodi hii, katika zamu hii, hasa ya usiku, na wangapi kati yao wameshaizoea. Kwa bajeti tuliyonayo, ningeanza na wodi ambazo muuguzi wa ziada huokoa wengi zaidi: leba, watoto wachanga, na waliotoka chumba cha upasuaji. Huko iwekwe idadi ya chini ya lazima kwa kila zamu, na kila usiku awepo angalau mzoefu mmoja. Nafasi hizo zijazwe kwanza na waliohitimu walio mitaani, kabla ya kujenga jengo jingine.

Baada ya ripoti ya Francis, hospitali za umma za Uingereza zilitakiwa kuweka wazi kwenye kila wodi idadi ya wauguzi waliopangwa kwa zamu na idadi waliopo. Hatua hiyo haihitaji mfadhili wala mashine. Wizara za afya Dodoma na Nairobi zinaweza kuiagiza kwa waraka mmoja, na bodi za hospitali zinaweza kuianza bila kungoja waraka. Mwananchi anayempeleka mgonjwa wake hospitali ya umma ana haki ya kuisoma namba hiyo mlangoni, na ya kumuuliza diwani, mbunge au gavana wake kwa nini nafasi za usiku ziko wazi.